Kadi za Mkono wa Kushoto

Kila mwaka, Jumatatu ya kwanza ya Novemba, Selpher Awiti alishuka River Road na picha moja ndani ya bahasha ya kaki, akaingia kwa mchapishaji na kumwambia, "Mzee amechagua hii." Picha yenyewe haikuwa na theluji wala yule babu wa ndevu nyeupe na kofia nyekundu. Jamleck Njuguna, mwenye kampuni ya uwakala wa bima iliyokuwa na ofisi ghorofa ya nne pale Kenyatta Avenue, hakutaka mambo hayo. "Kati ya wateja wangu, ni nani amewahi kukanyaga theluji?" alikuwa akiuliza. Mwaka mmoja alichagua maua ya kahawa, mwaka mwingine ng'ombe wakinywa maji, mwaka mwingine kanisa la mawe alikobatizwa kule Dagoretti.

Baada ya wiki mbili kadi zilifika ofisini katika maboksi, mia nne na kitu, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mzee hakuruhusu kadi itoke ikiwa na jina la kuchapishwa peke yake. Saa za kazi zikiisha walikaa mezani, yeye na Selpher, daftari jeusi la majina katikati yao. Selpher alisoma jina na kumkumbusha habari: "Huyu ni Wambua wa Machakos. Mkewe alipasuliwa goti mwezi wa tatu." Naye Mzee akaandika kwa wino wa buluu: "Ndugu yangu Wambua, goti la mama laendeleaje? Asishike jembe mpaka mvua za Machi." Hivyo ndivyo Selpher alivyokuja kujua nani kazaa, nani kastaafu, nani mwanawe kakataa kusoma. Aliyefariki, Mzee mwenyewe ndiye aliyempigia mstari kwa rula, kisha akasema, "Haya, mwingine." Jina la kwanza kabisa daftarini lilikuwa la Mzee mwenyewe. Kila mwaka alijitumia kadi moja kwa sanduku lake la posta, ili ajue posta imefikisha lini.

Walifanya hivyo miaka kumi na tisa. Selpher aliingia pale akiwa msichana wa kupiga taipu, hajaolewa; akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na kila Novemba ilimkuta kwenye kiti kile kile.

Mwaka wa 2006 Jumatatu ya kwanza ya Novemba ilifika, na hakushuka River Road. Mwezi wa tano Mzee alikuwa ameanguka bafuni kwake Kitisuru, kiharusi kikamchukua upande mzima wa kulia, na ulimi pamoja nao. Kiti chake ofisini sasa kilikaliwa na Ken, mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na saba aliyekuwa akiletwa pale wakati wa likizo akiwa mdogo, akachora magari nyuma ya karatasi za Selpher na kumwita anti.

Selpher alibisha mlango wake. "Ken, nimekuja kuuliza habari ya kadi. Mchapishaji amepiga simu."

"Kadi gani?"

"Za Krismasi."

Ken aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Mwaka huu hakuna kadi, Selpher. Siku hizi nani anatuma kadi? Tutatuma meseji. Kuna watu wana mashine, unawapa namba zote, wanabonyeza mara moja, kila mtu anapata. Wewe niandikie tu namba za simu kutoka kwa ile daftari."

"Na wasio na simu? Kuna wengi humu wako na sanduku la posta pekee."

"Hao tuwaache."

Alirudi mezani kwake akafungua daftari. Ilimchukua siku nne. Aliandika namba moja baada ya nyingine, kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, kama mashine, bila kutaka kufikiri, kwa sababu kila alipofikiri alimwona mtu: mwalimu wa Murang'a aliyekuwa akijibu kwa mashairi, sista wa misheni ya Turkana, mzee mmoja wa Kendu Bay aliyekuwa akituma kadi ile ile kila mwaka, akikata tarehe ya zamani na kuandika mpya. Wote hao hawakuwa na namba. Aliwaruka.

Wiki iliyofuata Njambi, mke wa Mzee, ambaye kila mtu alimwita Mama Ken, alipiga simu ofisini.

"Selpher, mama, njoo uone huyu mzee. Amenishinda. Tangu wiki jana hataki chakula kiwekwe mezani. Anasukuma sahani, anavuta kitambaa, anapiga meza kwa mkono. Msichana wa kumtunza amejaribu kila kitu. Redio hataki, Biblia hataki. Sijui anataka nini."

Selpher alijua kabla hajaweka simu chini. Jumamosi ile alifunga mlango wa nyumba yake ya kupanga karibu na Dagoretti Corner, akaenda Kitisuru. Askari wa getini alimfungulia, na Ivyne, msichana aliyeajiriwa kumtunza Mzee, akampeleka moja kwa moja chumba cha kulia.

Mzee Njuguna alikuwa ameketi kichwani mwa meza ndefu, amevaa shati jeupe na sweta. Mkono wa kulia ulilala pajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Meza ilikuwa tupu, imepanguswa. Alipomwona Selpher uso wake ulichanua, upande mmoja. Kisha akatazama mikono ya Selpher. Akatazama nyuma yake, mlangoni, kama mtu anayengoja wabebaji.

"Haya?" akasema.

Hilo ndilo neno alilobakiwa nalo. Madaktari walisema hutokea: maneno yote huenda, likabaki moja. Kwa hilo moja Mzee aliomba maji, aligomba, alishukuru, aliuliza. Siku ile aliuliza, na Selpher alielewa swali kama lililoandikwa ukutani. Maboksi yako wapi?

Mkono mtupu haulambwi. Selpher alisimama pale na mkoba wake mdogo, Mama Ken akimtazama kwa matumaini, na ulimi wake ukatangulia.

"Zinachapwa, Mzee. Mwaka huu mchapishaji amechelewa."

"Haya," akasema Mzee, na mabega yake yakashuka. Siku ile alikula wali na mchuzi wote. Mama Ken alimsindikiza Selpher hadi getini akimshika mkono. "Mungu akubariki," alisema. "Ni kadi tu! Na mimi nilidhani ni wazimu."

Jumatatu Selpher alikwenda tena kwa Ken. Safari hii alifunga mlango nyuma yake.

"Boksi moja tu," alisema. "Si za wateja wote. Za rafiki zake, atie sahihi, aone zimekwenda. Ndicho kitu anachongoja."

"Atatia sahihi na mkono gani?"

"Wa kushoto," Selpher alisema.

Ken aliinuka, akaenda dirishani. Chini, magari yalikuwa yamesimama foleni hadi Uhuru Highway. "Anti," alisema, na ilikuwa miaka mingi hajamwita hivyo, "unajua tumewaambia watu nini? Tumewaambia Mzee anapumzika. Presha kidogo. Nusu ya hawa wateja wako hapa kwa sababu yake. Mimi hawanijui. Wakipata kadi imeandikwa kama ya mtoto wa nasari, wataelewa siku hiyo hiyo. Kampuni itaisha kabla ya Pasaka. Na wewe na mimi na wale wengine kumi na moja hapo nje tutaenda wapi?"

Aliyosema hayakuwa uongo, na hilo ndilo lililomuumiza Selpher. Angekuwa mkorofi tu, angejua la kumjibu.

Jioni wenzake walipotoka, aliingia stoo. Nyuma ya mafaili ya madai ya zamani alipata mabaki ya kadi za miaka iliyopita, zile alizokuwa akiagiza za ziada kwa kuogopa makosa. Kanisa la Dagoretti, ng'ombe, kahawa, zote zimechanganyika, nyingine zimeanza kugeuka rangi ya chai pembeni. Alizihesabu: hamsini na saba. Alizitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na lile daftari jeusi, akatoka nazo. Hakuwahi kutoa ofisini hata kalamu.

Mzee alipoziona Jumamosi, alizigusa moja moja kwa kidole. Alijua si mpya. Alichukua ya ng'ombe, akaigeuza, akamtazama Selpher kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kudai kalamu.

Ilikuwa kazi ngumu kuitazama. Kalamu ilimponyoka, Ivyne akaiokota. Ikamponyoka tena. Kadi ilikimbia mezani mpaka Selpher akaishikilia kwa vidole viwili. Herufi ya kwanza ilianza juu ya mstari na kuishia karibu na pembe, imepindapinda kama njia ya mchwa. Ya pili ilipanda juu ya ya kwanza. Alipomaliza, hakuna mtu angesoma pale jina la Njuguna wala jina lolote. Mzee aliitazama, akaichana. Akaomba nyingine.

"Si lazima uandike yote, Mzee," Selpher alisema. "Weka alama tu. Mimi nitaandika hapo chini."

"Haya!" Sauti ilipanda, alikuwa amekasirika.

Basi wakafanya kama walivyozoea. Selpher alisoma jina na kumkumbusha habari, na Mzee akapigana na kadi. Dakika kumi, robo saa kwa moja. Alicheka aliposikia kwamba yule mwalimu wa Murang'a ameoa tena akiwa na miaka sabini. Alitikisa kichwa juu ya mtu aliyeuza shamba. Kila alipokubali kadi aliisukuma kwa Selpher kwa kiganja, na Selpher akaiingiza kwenye bahasha na kuandika anwani kwa mwandiko wake safi, akijua kwamba bahasha hiyo safi ndiyo itakayomdanganya mpokeaji mpaka aifungue.

Jumamosi ya pili walifika ukurasa wa herufi ya W. Selpher alisoma Wachira, akasoma Wahome, kisha akafunua ukurasa.

Kiganja cha Mzee kilishuka juu ya daftari, pap! Akaurudisha ukurasa nyuma. Kidole kikatambaa hadi mstari wa tatu. Wambua.

Wambua na Njuguna walikuwa wamepanga chumba kimoja miaka ya sitini, makarani wawili wenye koti moja la kwendea usaili, wakilipokezana. Mwezi wa nane barua ilikuwa imefika ofisini kutoka kwa mke wake, Kalondu: Wambua amefariki, ugonjwa wa ini. Ken alisema Mzee asiambiwe, daktari amekataza mshtuko. Mama Ken alikubali. Selpher pia alikubali, kwa kuwa hakuna aliyemwomba maoni.

Sasa alimtazama Mama Ken aliyekuwa amesimama mlangoni. Mama Ken alitazama sakafu.

"Mzee," Selpher alisema, "Wambua alituacha. Mwezi wa nane. Walimzika nyumbani."

Hakulia. Alikaa akiwa amefungua mdomo kidogo upande ule uliokuwa hai. Mwishowe alitafuta kitu mezani kwa mkono, huku na huku, na Selpher akajua ni rula. Hakukuwa na rula. Ivyne alikimbia akaleta kijiti cha kukorogea dawa, na Mzee akapiga mstari juu ya jina la Wambua kwa mkono wa kushoto. Mstari ulipinda, ukamgusa na Wahome aliyekuwa mzima.

Kisha akachagua kadi mwenyewe, ile ya kanisa. Akaandika kwa muda mrefu kuliko zote. Alipomaliza hakuisukuma; aliiweka mkononi mwa Selpher, akamfunga vidole juu yake, akashika mkono huo mpaka Selpher alipoitia ndani ya mkoba, kando na nyingine.

"Nitaipeleka kwa mama yao, Mzee. Kwa Kalondu."

"Haya," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

Kufikia Jumamosi ya tatu zilikuwa arobaini na moja. Nyingine alizichana. Selpher aliitumbukiza ya Kalondu Posta Kuu Jumatatu asubuhi akipita kwenda kazini, na hizo arobaini akazipeleka ofisini kuzibandika stempu, maana stempu zilikaa kwenye droo yake na hakuona ubaya. Hapo ndipo alipokosea. Alikuwa amebandika kumi na mbili Ken alipopita kwenda kutafuta faili.

"Hizi ni nini?"

Hakungoja jibu. Alichukua bahasha moja ambayo haijafungwa, akavuta kadi, akaifungua. Selpher alikuwa amejiandaa kwa makelele. Hayakuja. Ken alisimama akiitazama ile michoro ya wino, na uso wake ukaanza kutetemeka kidevuni kama alipokuwa mdogo na amevunja kitu.

"Aliandika hizi zote?"

"Zote. Wiki tatu."

"Amekuwa akisema nini akiziandika?"

"Anasema haya. Anacheka. Ken, hata ukimwona utafurahi. Anakula vizuri. Jumamosi ijayo njoo ukae naye."

Ken alifuta pua kwa nyuma ya mkono. Kisha akakusanya bahasha moja moja, arobaini, taratibu, akazipanga kama karata. "Siwezi," alisema. "Anti, usinitazame hivyo. Siwezi." Akaingia nazo ofisini kwake, na Selpher akasikia droo ya chuma ikifungwa na ufunguo ukizunguka.

Angeweza kufanya nini? Alifikiria usiku kucha. Kumwambia Mama Ken? Mama Ken angeishia kumwomba mwanawe samahani. Kuandika nyingine? Kadi zilizobaki Mzee alizichana. Na kazi yenyewe, ada ya mwanawe Fidel aliyekuwa kidato cha tatu ilitoka wapi kama si pale? Alikaa kwenye kiti chake akapokea simu na kusema, kama alivyofundishwa, "Mzee anaendelea vizuri, anapumzika tu."

Tarehe ishirini na tatu Desemba, Jumamosi, alikwenda Kitisuru kwa sababu alikuwa ameahidi. Mama Ken alikuwa ametundika uzi mrefu juu ya meko ya sebuleni, kutoka msumari hadi msumari, mahali ambapo kila mwaka kadi za watu zilipangwa mpaka zikagusana. Kwenye uzi kulikuwa na kadi mbili: ya benki, na ya duka la dawa.

Mzee alikuwa amehamishiwa pale ili aziangalie zikifika. Alinyoosha kidole kwenye uzi. "Haya?"

"Posta imejaa, Mzee," Selpher alisema. "Unajua mambo ya Desemba. Labda baada ya sikukuu." Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameshafika mwisho wake, aliisikia sauti yake ikiwa nyembamba. Mzee alimtazama, akatazama uzi, akamtazama tena.

Ndipo simu ya Mzee ilipolia. Ilikuwa imewekwa mezani kando ya chupa za dawa, inachajiwa kila siku ingawa hakuna aliyeipiga. Mama Ken hakutaka izimwe. Ilitoa mlio mfupi, mara moja.

"Wow, Guka, meseji!" Ivyne, aliyezoea kumwita hivyo, yaani babu, aliichukua kwa furaha, maana alikuwa msichana mwenye moyo mzuri na alitaka mzee apate kitu. "Ngoja nikusomee. 'Kampuni ya Bima ya Njuguna inakutakia wewe mteja wetu mpendwa Krismasi njema na mwaka mpya wenye fanaka. Kutoka kwa J. Njuguna na wafanyakazi wote.'" Akacheka. "Ni watu wako wa ofisi! Wamekukumbuka."

Selpher akaelewa. Jina la kwanza daftarini. Namba yake aliinakili yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, siku ile alipokuwa hataki kufikiri.

Mzee alikuwa hajasogea. Ivyne alidhani hakusikia, akasoma tena, kwa sauti zaidi, neno kwa neno. Alipofika "kutoka kwa J. Njuguna" Mzee aliinua mkono wa kushoto, na Ivyne akanyamaza.

Alimgeukia Selpher. Hakuwa na hasira usoni, na Selpher angetoa chochote aone hasira pale. Alimtazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoizoea akakuta imehamwa.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Nilijaribu. Niliziweka stempu kabisa. Zimebaki—"

Mzee alifunga macho. Kalamu ya wino wa buluu ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Aliitoa, akapapasa, akaiweka juu ya goti la Selpher kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Kisha akaashiria kwa Ivyne apelekwe kitandani. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Ofisini, simu ya mkono iliyotumiwa kama anwani ya zile meseji iliwekwa mezani kwa Selpher apokee majibu. Yalikuja kwa siku mbili. "Nawe pia." "Nani mwenzangu?" "Namba mpya, wewe ni nani?" Mtu mmoja alituma maombi marefu yaliyosema kwamba asipoyapeleka kwa watu kumi atapata mkosi. Hakuna aliyeuliza habari za Mzee.

Kalondu hakuwa na simu. Kadi ilimfikia baada ya mwaka mpya, na Jumanne ya pili ya Januari alifika mwenyewe ghorofa ya nne, mama mfupi mwenye kilemba cha maombolezo na kiondo cha maembe begani, akichechemea kwa lile goti. Mapokezini palikuwa na wateja watatu wameketi. Alimwinulia msichana wa mapokezi kadi ya kanisa, imefunguliwa.

"Nimekuja kumwona Njuguna," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. "Huu si mkono wake. Amepooza lini?"

Mteja mmoja aliteremsha gazeti lake.

Selpher aliinuka mbio, lakini mlango wa Ken ulikuwa umeshafunguka. Ken alimsalimu mama yule kwa heshima, akampokea kiondo, akamkalisha ndani, akamwagizia chai. Alimweleza kwamba baba anahitaji utulivu na hapokei wageni. Alipotoka, alisimama mbele ya meza ya Selpher na hakupaza sauti. "Uliituma."

"Moja."

"Kitisuru usiende tena. Nimeshampigia Mama." Alionekana amechoka, amezeeka kwa siku moja. "Umesikia yule mteja mwenye gazeti, yule wa maghala, akiuliza maswali? Ameenda. Hakungoja hata risiti yake."

Selpher alichukua mkoba wake. Hakuomba ruhusa. Alimkuta Kalondu kwenye ngazi, akishuka moja moja akishikilia ukuta.

"Wewe ndiye Selpher," Kalondu alisema. "Mwandiko wa bahasha ni wako. Nipeleke."

"Mama, hawatafungua."

"Nipeleke tu."

Walifika saa saba na nusu, jua limesimama juu ya vichwa. Askari alimjua Selpher na akaona haya kumtazama. Alisema ameambiwa. Kalondu alimwambia hana haraka, akashusha kiondo chini na kukaa juu ya jiwe lililopakwa chokaa kando ya geti. Baada ya muda mlango mdogo ulifunguka na Mama Ken akatoka mwenyewe, amejifunga leso, macho mekundu. Wale akina mama wawili hawakuwa wameonana tangu themanini na tisa. Walishikana mikono, wakaulizana habari za watoto, mmoja mmoja kwa majina. Mama Ken alimpa pole ya Wambua. Kalondu akampa pole ya Njuguna. Yote hayo wakiwa wamesimama barabarani.

"Amelala," Mama Ken alisema hatimaye.

"Namngoja aamke."

"Kalondu." Mama Ken aliziba mdomo kwa leso. "Tangu siku ile hainuki. Anaelekea ukutani. Hata lile neno moja hasemi tena. Na Ken ameniambia nisifungue, na Ken ndiye anayetulisha sote hapa. Nifanye nini mimi?"

Kalondu alivuta kiondo, akaanza kutoa maembe, akampa askari mawili mawili ayaingize ndani. Yalikuwa mengi. Mama Ken alisimama akiyatazama yakipita, kisha akasema anaitwa, ingawa hakuna aliyekuwa amemwita, na mlango mdogo ukafungwa.

Walipanda kilima kwenda stendi polepole kwa sababu ya goti. Kalondu aliuliza kama dirisha lake Njuguna linatazama barabarani. Selpher alisema hapana, linatazama nyuma, kwenye migomba. Mbele kidogo aliuliza kama Selpher atapata shida kazini.

"Sijui, mama."

"Ungejua mapema kwamba kadi itakuletea shida, ungefanya nini?"

"Ningeituma tu," Selpher alisema. Gari la kwenda mjini lilikuwa linakuja, na utingo ameshaanza kuita. Alimshika Kalondu kiwiko, akamsaidia kupanda kwanza.